Egzosi za pikipiki za zamani za porini: maswali tunayoulizwa kila wiki gereji, Mwanza

Pikipiki tunazozungumzia hapa ni zile zilizoletwa na misheni, miradi ya maji, zahanati na mabwana shamba, kisha zikauzwa mnadani na sasa zinabeba kila kitu: Yamaha DT 125 na AG 100, Suzuki TF 125, Honda XL 125 na XL 185. Ngumu kufa, lakini egzosi zake zimepita mikono mingi. Majibu yaliyo hapa yanatokana na kazi zinazopita kwenye benchi letu. Pale tunapotoa maoni tu, tumesema ni maoni.

Fundi, nibadilishe sailensa au niirekebishe?

Kwanza tuelewane maneno, maana neno hili limeshapoteza wateja pesa. Kwa mafundi wengi wa huku, "sailensa" ni ule muungurumo wa injini ikiwa imesimama bila kupigwa resi. Ukimwambia fundi "pikipiki haishiki sailensa" atakwenda kwenye kabureta na kuzungusha skrubu. Kuna kijana wa Igoma alilipia kabureta kusafishwa mara mbili wakati shida yake ilikuwa bomba la moshi lililoziba. Kwa hiyo hapa tutasema egzosi kwa kitu kizima, shingo kwa sehemu inayofungwa kwenye silinda, tumbo kwa sehemu iliyovimba, na mkia kwa kile kipande cha nyuma kinachopunguza kelele. Ukisema hivyo gereji yoyote utaeleweka.

Nitajuaje kama egzosi iliyofungwa ni ya pikipiki yangu kweli?

Hili ndilo swali la kwanza la kujiuliza, kabla hujanunua wala kukata chochote. Nusu ya malalamiko ya "DT yangu haina nguvu" tunayoyaona huishia kwenye egzosi ya pikipiki nyingine iliyolazimishwa kwa bamba la chuma na waya.

Anza na umbo. Simama upande wa egzosi, iangalie kutoka kwenye silinda kwenda nyuma. Bomba likianza jembamba, likavimba kama chatu aliyemeza mbuzi, kisha likasinyaa tena kabla ya mkia, hiyo ni egzosi ya tustroki (injini inayounguza oili pamoja na petroli): DT, AG 100, TF. Bomba likitoka kwenye silinda na unene uleule mpaka linapoingia kwenye kopo kubwa la nyuma, hiyo ni ya fostroki (injini ambayo oili yake haichanganywi na petroli): XL na ndugu zake. Kisha ingiza kidole mkiani injini ikiwa baridi. Tustroki itakuachia weusi wenye mafuta, fostroki itakuachia masizi makavu.

Halafu tafuta namba. Namba ya fremu imegongwa shingoni mwa fremu, pale usukani unapozungukia. Isafishe kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, usiisage kwa msasa wa mashine. Kwenye Yamaha, herufi na tarakimu zinazotangulia ndizo zinazotaja modeli. Msimbo mfupi wa namna hiyo hugongwa pia kwenye egzosi nyingi za kiwandani, karibu na mkono wa kufungia kwenye fremu. Usikate tamaa ukikuta hailingani kwa herufi moja, kwani kiwanda hutumia kipande kilekile kwenye modeli kadhaa, na msimbo uliogongwa ni wa modeli ya kwanza kukitumia.

Ukienda dukani na namba ya kipuri, jua kuisoma. Ya Yamaha ina mafungu: tarakimu na herufi tatu za mwanzo ni modeli, na tano zinazofuata ni aina ya kitu. Zinazoanza na 146 ni bomba, tumbo na gasketi yake. 147 ni mambo ya mkia. Honda wamegeuza: aina ya kitu hutangulia, 18300 ikiwa ni egzosi ya nyuma na 18291 gasketi ya shingo, kisha ndiyo modeli inafuata. Muuza duka akikuletea boksi lenye 18291 akasema ni egzosi, mcheke kidogo, mrudishie.

Kama hakuna namba popote, pima. Chukua vernia upime kipenyo cha ndani cha shingo na kipenyo cha tundu la silinda. Vikitofautiana, pale panapoungana pana ngazi, na ngazi hiyo huvuruga moshi na kukusanya masizi. Pima umbali kati ya studi mbili (bolti zisizo na kichwa) za flenji, lile bamba la kufungia shingo kwenye silinda, na angalia kama mikono ya kufungia inafika kwenye matundu ya fremu bila kuvutwa. Egzosi iliyofungwa ikiwa imevutwa itapasuka hapohapo shingoni, tena kwenye barabara ya vumbi ya Ukerewe, siyo mjini.

Kwa nini tustroki ina tumbo? Si ni bomba la kutolea moshi tu?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu injini nzima kwa msumeno.

Tustroki haina valvu ya kufunga moshi. Tundu la kutolea moshi na matundu ya kuingizia mchanganyiko mpya huwa wazi kwa pamoja kwa muda mfupi, hivyo sehemu ya petroli mpya hukimbilia nje kabla haijaungua. Tumbo ndilo linaloirudisha. Tundu linapofunguka, mshindo hukimbia ndani ya bomba. Bomba linapopanuka, sehemu ya mshindo hurudi kama mvuto, ukinyonya moshi uliobaki na kuusaidia mchanganyiko mpya kuingia. Bomba linaposinyaa, mshindo hurudi kama msukumo, ukiirudisha ndani ya silinda petroli iliyotoroka, dakika ya mwisho kabla pistoni haijaziba tundu. Mshindo huo hukimbia takriban mita 500 kwa sekunde, na injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mzunguko mmoja unamalizika ndani ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Sentimita chache za urefu wa bomba zinatosha kuufanya msukumo ufike mapema au umechelewa.

Ujuzi huu ulikomazwa miaka ya 1950 na Walter Kaaden, mhandisi wa MZ katika Ujerumani Mashariki. Mwaka 1961 dereva wake, Ernst Degner, alitoroka nchi akaenda kwa Suzuki na ujuzi huo, na mwaka 1962 Suzuki wakachukua ubingwa wa dunia wa pikipiki za cc 50. Kwa hiyo lile bati unalotaka kulikata kule Mlango Mmoja mjini ili "lipumue" liliwahi kuwa siri ya kutorokea nchi.

Dalili za egzosi iliyoziba ni zipi?

Inawaka vizuri, inaondoka vizuri, lakini ukivuta moto zaidi haipandi. Inabweka chini kwa chini kama mtu aliyezibwa mdomo. Inachemka haraka. Kilima cha kawaida kinataka gia moja chini ya ile uliyozoea. Sauti inakuwa nzito na moshi wa mkiani unatoka kivivu.

Jaribio la bei nafuu: kama mkia wa pikipiki yako unafunguka peke yake, utoe, washa, jaribu mita mia moja tu. Nguvu zikirudi, umempata mwizi. Usizunguke na pikipiki hivyo mjini, kelele yake si ya kawaida. Na kabla ya yote hayo angalia kichujio cha hewa, kwa sababu kichujio kilichojaa vumbi la Misungwi hutoa dalili karibu zilezile na kukisafisha ni kazi ya robo saa.

Naisafishaje egzosi ya DT au TF?

Injini iwe imepoa kabisa. Usicheke: mguu ulioungua na egzosi tunauona zaidi kuliko pistoni iliyotoboka.

Yamaha nyingi za tustroki za zamani zina bomba jembamba lenye matundu ndani ya mkia, linaloshikiliwa na bolti moja ndogo karibu na ncha. Fungua bolti, shika ncha kwa koleo, zungusha huku unavuta. Kama halijatolewa miaka mingi litagoma. Mimina mafuta ya taa, liache usiku kucha, asubuhi gongagonga pembeni kwa nyundo ya mbao. Ukilivuta kwa hasira, ncha itakatika na bomba litabaki ndani, na hapo kazi ya saa moja imekuwa ya siku mbili.

Likitoka utaliona limevimba kwa kaboni, na matundu yamejifunga. Lichome kwa gesi mpaka kaboni igeuke kijivu na kuanza kubanduka, likipoa sugua kwa brashi ya waya. Fanyia nje, upepo ukitoka nyuma yako. Moshi ule wa oili iliyoungua haufai kifuani. Kisha toboa kila tundu lililobaki kwa msumari. Matundu yale hayakuwekwa kama pambo.

Tumbo ni gumu zaidi kwa sababu huoni ndani. Mbinu yetu ni mnyororo wa zamani wa pikipiki. Ziba shingo kwa kitambaa na mpira, mimina lita moja ya mafuta ya taa, lala nayo usiku mmoja, mwaga. Ingiza mnyororo, tikisa egzosi kama anayecheza kayamba, mimina vipande, tikisa tena. Vijana wetu huifanya kazi hii kwa zamu kwa sababu inachosha mikono. Malizia kwa kupuliza upepo wa kompresa, na uhesabu kwamba mnyororo umetoka wote. Tuliwahi kupokea tumbo lenye kipande cha mnyororo wa fundi aliyetangulia.

Wakati egzosi iko nje, chungulia tundu la silinda. Sogeza pistoni juu mpaka izibe tundu, kisha kwangua kaboni kwa kijiti cha mbao ngumu, siyo bisibisi. Puliza vipande vyote kabla hujaisogeza tena pistoni.

Wakati wa kurudisha egzosi, angalia gasketi. Ikiwa ni ya shaba, ipashe moto mpaka iwe nyekundu kisha itumbukize kwenye maji: shaba hulainika kwa namna hiyo na itakaa tena. Ikiwa ni gasketi ya zamani ya nyuzi za kijivu, usiikwangue kavu. Za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, iloweshe kwanza na uvae kitambaa puani.

Mtu wa sabuni amenishauri niloweke kwenye kostiki soda. Ni sawa?

Kwa tumbo la chuma, ndiyo, inafanya kazi vizuri kuliko mafuta ya taa. Kwa kitu chochote cha alumini, hapana kabisa: kostiki huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, inayolipuka kwa cheche. Weka sumaku kwanza. Ikishika, ni chuma, endelea. Isiposhika, acha. Tumia maji baridi, mimina kostiki ndani ya maji na siyo maji ndani ya kostiki, vaa glovu na miwani, na usiwe na mtoto karibu. Rangi yote ya nje itatoka, jiandae kupaka upya kwa rangi ya kuhimili joto. Rangi ya geti itadumu mpaka Buzuruga tu.

Mkia wangu wa alumini una riveti. Ndani kuna nini?

Kuna bomba lenye matundu lililozungushiwa pamba ya kioo. Mikia hii ilikuja na pikipiki za michezo, au mwenye pikipiki aliifunga baadaye. Pamba inapolowa oili au kuungua, kelele hupanda na sauti inakuwa kama debe. Toboa riveti kwa drili, vuta kifuniko, ondoa pamba ya zamani, choma bomba la matundu, zungushia pamba mpya kwa kubana kiasi, funga kwa waya mwembamba, rudisha, piga riveti. Nyuzi za kioo zinawasha ngozi na zinaingia kifuani, funika mikono na pua.

Pamba ya godoro inaungua safari ya kwanza, tumeshaikuta. Waya laini wa kusugulia sufuria unaungua na kusagika polepole. Ule mnene wa chuma kisichoshika kutu, unaouzwa kama viota vidogo vinavyong'aa, unadumu, ila unahitaji vingi. Maoni yetu: chini, kwenye bomba, viota; juu yake pamba ya kioo.

XL yangu haina mafuta mkiani, lakini imetoboka chini. Kwa nini?

Fostroki haizibi sana kwa kaboni, inaoza kutoka ndani. Petroli ikiungua hutoa maji: lita moja ya petroli hutoa karibu lita moja ya maji, kama mvuke. Ukienda mbali, joto linauondoa. Ukiwa na safari za dakika tano, Kirumba kwenda sokoni na kurudi, mvuke unageuka maji, unachanganyika na tindikali ya moshi na kutulia sehemu ya chini kabisa ya kopo. Hapo ndipo pa kwanza kutoboka. Tafuta kitundu kidogo cha kutolea maji upande wa chini. Kama kimezibwa na matope, kizibue, na usimruhusu fundi akichomelee akidhani ni kutu.

Baadhi ya Honda za porini zina bolti au kifuniko chini ya mkia kwa ajili ya kizuia cheche. Kifungue nje, washa injini, piga resi mara chache, kaboni itatoka kwa vishindo. Usisimame nyuma yake na usifanyie kwenye majani makavu ya Agosti.

Maji ya Ziwa Victoria yanaoza egzosi?

Ziwa letu halina chumvi. Kinachoitafuna egzosi ni unyevu, matope yaliyogandia juu yake, na mzigo. Tuliwahi kushangaa kwa nini pikipiki tatu za soko la samaki la Mwaloni zimeliwa upande mmoja tu, mpaka tukauliza zinabeba nini: kayabo, yaani samaki wa chumvi. Maji ya chumvi ya samaki yalikuwa yakidondokea kwenye bati la moto kila siku. Kama unabeba kayabo, weka turubai chini ya mzigo na mwagia egzosi maji safi jioni, ikishapoa. Ukiimwagia ikiwa ya moto, bati linapinda na kupasuka kwenye mishono.

Ukilazimika kuvuka maji, usiruhusu injini izime wakati mkia uko chini ya maji. Ikizima, iondoe majini kwa kusukuma, chomoa plagi, inamisha nyuma mpaka maji yaishe kabla ya kupiga kiki.

Nati za shingo zimegoma kabisa. Nizilazimishe?

Usizilazimishe, studi zimeingia kwenye alumini na zikikatika utalia. Brashi ya waya, mafuta ya kupenya, subiri nusu siku. Pasha nati moto, siyo silinda. Kisha ikaze kidogo kwanza, digrii chache tu, halafu ndiyo ulegeze. Wakati wa kurudisha, kaza nati mbili kwa zamu, robo mzunguko kila moja, na uzirudie baada ya safari ya kwanza. Ukikuta weusi wa mafuta pembeni ya flenji, moshi unavuja na gasketi imeshindwa.

Naweza kutengenezesha egzosi mpya hapa Mwanza?

Ya fostroki, ndiyo. Fundi bati mzuri wa Makoroboi au wa SIDO (shirika la viwanda vidogo) Nyakato anakunja kopo la bati la milimita 1.2 na linafanya kazi, mradi bomba la ndani libaki na kipenyo cha lile la zamani. Ya tustroki ni habari nyingine. Mpelekee egzosi ya zamani hata kama imeoza, apime urefu na kipenyo cha kila sehemu, hasa kile kibomba chembamba kinachotoka tumboni kwenda mkiani. Kikiwa chembamba kupita cha asili, joto linarudi na pistoni inatoboka. Kikiwa kipana, nguvu zinapotea. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 wateja wa Sengerema wanatuletea egzosi asubuhi na kurudi nazo jioni, kwa hiyo hakuna sababu ya kumpelekea fundi picha ya simu.

Kubonyea kidogo tumboni hakudhuru sana. Kubonyea shingoni kunadhuru. Chomelea nati kwa shaba juu ya bonde, vuta kwa nondo yenye uzito wa kuteleza, kisha kata nati. Usichomelee egzosi ikiwa bado kwenye pikipiki yenye tangi la petroli.

Nikiitoboa itaongeza spidi?

Itaongeza kelele, na trafiki.

Pikipiki ililala parokiani miaka sita. Nianzie wapi?

Ingiza waya mkiani. Nyigu wa udongo hupenda sana mabomba ya namna hiyo, na nyumba zao hukauka kama saruji. Tulishatoa nyumba kumi na moja kwenye AG 100 moja.

Nilisafisha mwezi uliopita, imeziba tena. Kwa nini?

Egzosi haina kosa, angalia oili. Kwenye DT nyingi za huku pampu ya oili iliondolewa zamani na mwenye nayo anachanganya kwa kukisia. Uwiano wa zamani wa 1 kwa 20 ni mililita 50 kwa kila lita ya petroli. Oili nyingi za kisasa zinahitaji pungufu ya hapo, soma chupa. Tumia kipimo, siyo kifuniko cha soda.

Kosa la pili ni la watu wa ziwani. Oili ya injini za mitumbwi inapatikana kila kona ya Kirumba na ni nzuri kwa kazi yake, lakini imeundwa kwa injini inayopozwa na maji ya ziwa. DT inapozwa na upepo tu na joto lake liko juu zaidi. Ukiitumia, utarudi kwetu kwa masizi, kisha kwa ringi. Na oili chafu iliyotolewa kwenye gari usiitaje kabisa.

Baada ya kusafisha, DT itatoa moshi mwingi kwa kilomita kadhaa wakati mafuta ya taa na oili iliyobaki tumboni inaungua. Ukiona bado inafuka namna hiyo baada ya kwenda Magu na kurudi, lete plagi yake tuione kabla hujagusa egzosi tena.